Choo cha Mdalasini Juu ya Baraza

Bibi yangu mpendwa, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kwa sauti kubwa, kisha umemuuliza Mama Sijali kama kweli nimeandika mwenyewe. Nimeandika mwenyewe. Nimemwomba yeye, kwa kuwa ndiye jirani yako na macho yako yamegoma kusoma, akusomee yote bila kuruka, hata pale nitakapokusema. Kwenye simu hatuelewani mimi na wewe. Wewe unapiga kelele ukidhani Tanga iko mbali, mimi napiga kelele nikidhani hunisikii, na kabla sijafika kwenye neno lenyewe unasema, "Haya, salamu zimefika," unakata. Ndiyo maana nimeandika barua. Na ni barua ya wazi, maana Pangani naijua ilivyo, neno likisomwa kwako asubuhi mchana limeshafika sokoni. Wacha lifike.

Ulikwenda huko kwa hitima ya kila mwaka ya Babu ukasema utakaa mpaka Jumatatu. Jumatatu ile ilipita, ikaja nyingine, na nyingine. Ndipo ukaagiza: "Niletee paka wangu. Mie sirudi tena Tanga, huko mtaani kwenu Usagara." Hukusema kwa nini. Mke wangu Zaina alikuwa amesimama karibu na simu, akasikia. Aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mimi najua kwa nini, na nataka tulizungumze. Nyumba hiyo uliyoirudia ndiyo ile ulimoanguka kwenye mlango wa uani, ukabaki sakafuni huwezi kuinuka, mpaka Mama Sijali alipokuja kurudisha ungo akakukuta. Huwezi kukaa humo peke yako, Bibi. Nalisema mbele yake, naye akinywea chai hapo bila shaka anatikisa kichwa kukubali.

Siku niliyokuja kukuchukua, baada ya kuanguka huko, ulikaa kiti cha mbele, kikapu mapajani, kanga imefunika kikapu, na chini ya kanga mkia. Nilikuwa nimemwambia Zaina tunaleta mtu mmoja. Tuliposhuka mlangoni ukafunua kikapu, akatoka yule mzee mwenye rangi ya mdalasini, mwembamba, kiuno kimekakamaa, akatutazama kama sisi ndio wageni. Ukasema, "Huyu ndiye mume mwenzako. Mzoeane."

Tangu nikiwa mdogo uliniita mume wangu, kama bibi wote wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na mimi nikajibu bila aibu mbele ya watu. Nilipooa niliogopa kidogo. Niliogopa bure. Siku ya kwanza ulimwita Zaina "mke mwenzangu", naye msichana wa Lushoto, mpole hata kwa kuku, akakujibu, "Mke mkubwa akae, mke mdogo apike." Ukampenda hapo hapo. Tangu hapo mlinisema nyinyi wawili nikiwapo na nisipokuwapo, na mimi nikawa mwanamume mwenye bahati kuliko wote Usagara, ingawa sikuwaambia.

Tatizo lilikuwa uani. Mwenye nyumba wetu anaona udongo ni uchafu. Amemwaga zege kuanzia ngazi hadi ukutani, hakuacha hata pa kupanda mchicha. Kule Pangani Mdalasini alikuwa na migomba yake nyuma ya nyumba, anakwenda, anachimba, anafukia, hakuna anayejua. Hapa alizunguka ua mzima akikwangua saruji kwa kucha, akisimama, akinitazama mimi. Mwisho akapanda kwenye chungu cha Zaina cha maua. Ulitaka kufa kwa aibu. Zaina alisema si kitu, maua yenyewe yalishakauka, na wewe ukaweka sheria yako siku hiyo hiyo.

"Nimemleta mie," ulisema. "Uchafu wake ni wangu. Mke mwenzangu asiguse, na weye usiguse."

Sasa fikiria hali yangu. Mimi ninauza vyombo vya plastiki. Duka langu limejaa mabeseni, ndoo, makarai, masinia, mpaka mengine yananing'inia kwenye dari. Watu wanatoka mbali kuja kwangu kutafuta chombo, na mimi kwa bibi yangu mwenyewe nilishindwa kuchagua chombo cha paka. Nililiona jambo dogo sana. Nikachukua beseni kubwa la kufulia, lile la buluu lenye kina kirefu, nikalijaza mchanga uliobaki kwa jirani anayejenga. Nikaliweka nyuma ya mlango nikajipongeza. Mdalasini alikuja, akaweka miguu ya mbele kwenye ukingo, akachungulia ndani, akashuka. Kiuno chake hakikuweza kuruka, na mimi nilikuwa nimempimia paka kijana. Alirudi kwenye chungu cha maua kama anayerudi nyumbani.

Nawe ulijaribu kulivuta lile beseni lisogee ukutani, bila kuniita. Nilirudi kutoka dukani mchana nikakukuta umeshika ukuta, umeinama, unatazama chini. Nikauliza kuna nini. Ukasema kuna sisimizi unamtazama. Nilisimama na wewe, nikamtazama huyo sisimizi asiyekuwepo, mpaka kiuno kilipokuachia ukanyooka. Hatukulizungumza tena.

Halafu ikaja habari ya mchanga wa Kigombe, ambayo najua umeshawahadithia wote huko, na umeongeza chumvi. Nilikuwa natoka kuchukua vitu vyako Pangani, nikapita Kigombe, nikaona mchanga mweupe, mkavu, laini kama unga, pembeni kabisa ya pale wanapoanikia dagaa. Nikajaza mfuko. Safari hii nikaweka sinia pana, fupi, ambalo paka mzee angeingia bila kuinua mguu. Nilijiona nimejifunza. Mdalasini alipoona lile sinia alikimbia, Bibi. Hatujawahi kumwona akikimbia. Akaingia, akanusa, akaanza kulamba mchanga. Akagaagaa. Akalala katikati yake, macho nusu, na nilipokaribia akanikoromea.

Ulitazama muda mrefu, kisha ukasema, "Mume wangu, umemletea sahani."

Zaina alicheka mpaka akashika mlango. Wewe ulicheka bila sauti, mabega tu, ukijifuta macho kwa ncha ya kanga. Mchanga ule ulikuwa umekolea shombo ya dagaa wa miaka na mikaka, na mimi mtoto wa pwani sikunusa kitu, kwa sababu pua yangu imeizoea harufu ile. Mtu wa bara asingekosea hivyo. Paka wa watu hakwenda chooni siku nzima kwa heshima ya chakula.

Tukahamia kwenye majivu. Hili lilikuwa wazo la Zaina, na lilikuwa zuri. Mama lishe wa pale njia panda alitupa majivu ya mkaa, mepesi, hayanuki, na Mdalasini aliyakubali mara ya kwanza. Ulifurahi. Tukafurahi wote mpaka tulipotoka, mimi dukani na Zaina sokoni, tukakuacha na nyayo. Alitoka kwenye majivu akapita sebuleni juu ya marumaru, alama nyeupe moja moja, akaenda moja kwa moja kujinyoosha juu ya msala wako.

Ulinifundisha tangu utotoni kwamba paka si najisi, akinywa ndooni maji hayamwagwi. Lakini mkojo wake ni jambo jingine, na wewe hukuweza kujua nyayo ipi ilikanyaga pakavu na ipi ilikanyaga pabichi. Basi ukaamua kuosha msala wote. Peke yako. Umepiga magoti, na magoti yako yalivyo. Nilikukuta umekaa kitako kwenye maji, msala nusu umeoshwa nusu bado, adhuhuri imeshaingia na wewe huna pa kusalia wala nguvu ya kuinuka. Nilikuinua. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na hilo liliniuma kuliko maji yote yale.

Hukulia. Ulisema tu, "Nirudishe kwetu. Nyumba yako nzuri, mume wangu, lakini mie siiwezi."

Mama Sijali, soma polepole hapa. Bibi, siku ile nilielewa kwamba jambo la choo cha paka si dogo. Usingeweza kumtupa Mdalasini. Usingekubali mtu mwingine asafishe. Na usingeweza kusafisha. Kama singepata chombo cha kukutosha, ungerudi kwenye ile nyumba yenye mlango wa uani, ungeanguka tena, na safari hii huenda pasingekuwa na ungo wa kurudishwa. Nilizunguka dukani kwangu kama mteja. Nilipima kila kitu. Kila kilichomfaa Mdalasini kilikuwa chini mno kwako. Kila kilichokufaa wewe kilikuwa juu mno kwake.

Jibu ulilitoa mwenyewe, na hukuwa unanijibu mimi. Ilikuwa Ijumaa, umekaa kando ya baraza la nyuma, juu ya mbuzi, unakuna nazi ya mchuzi wa mchana. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimechoka. Zaina alikuambia apokee, upumzike. Ukamkatalia.

"Kukuna nazi sichoki mie. Nimekaa," ulisema. "Kazi zangu zote nimezifanya nimekaa. Kusuka ukili nimekaa. Kupepeta nimekaa. Kuchambua mchele, kuparua samaki, vyote nimekaa kitako. Hii ya kuinama ndiyo ya watoto wa siku hizi na mafagio yao marefu."

Nilihesabu kichwani kazi zote nilizowahi kukuona ukizifanya tangu nilipopata akili. Kweli. Sikumbuki hata moja uliyoifanya umesimama, ila kupika kwenye sherehe. Mimi nilikuwa nashughulika na chombo, beseni refu, sinia fupi, mchanga huu, majivu yale, na sikuwahi kujiuliza wewe utakuwa umekaa wapi. Nikakuuliza, "Bibi, ungekuwa unasafisha huku umekaa, ungekaa wapi?"

Ulinitazama kama nimeuliza bahari iko wapi. Ukapiga baraza kwa kiganja. "Kiti hapa chini. Choo chake hapo juu. Anapanda kila siku kuota jua, hujamwona?"

Kumbe alikuwa anapanda. Kulikuwa na tofali limeachwa pembeni na mafundi, anakanyaga hilo kwanza, kisha baraza, taratibu kama mzee anayepanda ngazi za msikiti. Nikaongeza tofali la pili ili hatua ziwe fupi zaidi. Dukani nikachukua boksi la plastiki la kuhifadhia mashuka, pana, ukuta wa mbele nikaukata kwa kisu cha moto ukabaki wa vidole vichache tu, kuta nyingine tatu nikaziacha ndefu ili akifukia visimwagike. Ukapitisha kiganja chako kwenye ukingo niliokata, ukasema bado unakwaruza. Nikaupitishia tena kisu cha moto. Ukapitisha kiganja tena.

Na cha kuweka ndani ulikiokota miguuni pako. Ulikuwa umeivua nazi makumbi yake asubuhi ile, na chini palibaki lile vumbi la kahawia linalodondoka kwenye nyuzi. Ukalisugua kwenye vidole.

"Hiki," ulisema. "Nimepiga makumbi ujana wangu wote kwa ajili ya kamba, nakijua. Kinakunywa maji, hakinuki, hakina uzito. Tunakitupa kila siku."

Wale wanaofua nazi sokoni walinipa gunia zima wakicheka. Ulilibeba mwenyewe kutoka mlangoni hadi barazani, gunia kubwa namna ile, kwa mkono mmoja, ukinionyesha.

Kuhusu upawa wa kuzolea tuligombana kidogo. Nilitoboa matundu kwenye upawa wa kifuu wenye mpini mrefu, ili vumbi lipite chini na uchafu ubaki juu, na ulipouona ulishika kichwa. "Upawa wa mchuzi!" Nikaapa nimeununua mpya. Haikutosha. Ukaufunga kitambaa chekundu kwenye mpini, ukamwita Zaina, ukamwonyesha, ukamwapisha kwamba upawa wenye kitambaa chekundu hautaingia jikoni hata dunia iishe.

Kisha tukasubiri. Mdalasini alikanyaga tofali la kwanza, la pili, baraza. Akanusa vumbi la makumbi. Akaweka mguu mmoja ndani, akafikiri. Akaweka wa pili. Akachimba kidogo, akageuka, akatupa mgongo kwa adabu, na akafanya kilichomleta.

Ulipiga kigelegele. Zaina alitoka mbio jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna posa. Jirani upande wa pili wa ukuta akauliza kuna heri gani. Ukamjibu kwa sauti ile ile, "Heri ya mume mwenza!"

Toka siku hiyo ulikuwa na asubuhi yako. Baada ya chai unakaa kwenye kiti chako barazani, ndoo yenye kifuniko upande wa kulia, unapitisha upawa, unatikisa, unamwaga ndooni, unafunika. Unaongeza vumbi kidogo, hujazi, ulisema akijaziwa anafukua na kumwaga kwa kiburi. Ulikuwa unaifanya huku unazungumza na Zaina dirishani na mazungumzo hayakatiki. Mdalasini analala pembeni kwenye jua. Mimi napita kwenda kazini, unaniambia, "Mume wangu, salimia mabeseni." Nilikuwa natembea mpaka dukani nikiwa na furaha. Sikuwahi kukuambia hivyo, nakuambia sasa.

Unakumbuka ulivyokuja dukani ukakaa katikati ya mabeseni, akaja yule mama wa makamo kutafuta chombo cha paka wa mama yake? Kabla sijafungua mdomo ulishamshika. "Mama yako magoti yake vipi? Anainama? Na paka wake je, kijana au mzee? Ana baraza?" Yule mama alinitazama akidhani amekuja zahanati. Ulimkataza beseni la kina kirefu ambalo mimi ningemuuzia bei nzuri. Ulimwambia asitazame chombo kabla hajajua mama yake atakaa wapi. Alirudi baadaye kukuletea maembe.

Kisha ukashikwa na homa. Haikuwa kubwa, daktari alisema upumzike unywe maji, lakini ilikulaza. Na Mdalasini hakuwa na homa. Zaina hakuniuliza wala hakukuuliza. Alikaa kwenye kiti chako, akachukua upawa wenye kitambaa chekundu, akasafisha. Ndivyo ilivyokuwa siku ile ulipojiinua mwenyewe kitandani, ukashika ukuta mpaka mlango wa nyuma, ukamwona. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimekuja kukushika usianguke.

Ulimtazama mpaka akageuka. Ukasema, taratibu kabisa, "Leo unazoa ya paka, mke mwenzangu. Kesho utazoa yangu."

Kwa kawaida hapo Zaina angekujibu jambo la kuchekesha. Hakujibu. Mimi pia sikujibu. Ulirudi kitandani ukageukia ukutani, na homa ilipokwisha haukurudi utani. Uliamka mapema kabla yetu kusafisha, kama mwizi. Ulianza kufua nguo zako kwa siri. Ulipokwenda hitima ya Babu nilikubebea mfuko mpaka kwenye gari, nikaona umebeba msala. Mtu anayerudi Jumatatu habebi msala. Niliona, nikajidanganya.

Kwa hiyo najua. Hukukimbia kwa sababu ya paka wala mwenye nyumba na zege lake. Unaiona siku inakuja ambayo hutafika chooni kwa miguu yako, na umeamua ikukute mahali ambapo sisi hatupo. Umeamua tusione. Hilo ndilo linaloninyima raha, Bibi, kwamba unatuonea haya sisi.

Nikukumbushe jambo ambalo halikuwahi kutajwa kati yetu. Mama yangu aliponileta kwako nilikuwa kikojozi, na nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona aibu. Watoto wa mtaa ule walikuwa wanatembea asubuhi kutazama godoro la nani limeanikwa mbele ya nyumba, wapate wa kumzomea siku nzima. Langu hawakuliona hata mara moja. Ulikuwa unalitoa kwa mlango wa uani, godoro la sufi zito lililolowa, unaliegemeza kwenye ukuta wa nyuma kwa migomba, unalirudisha kabla sijatoka madrasa. Ukiulizwa kwa nini unahangaika na godoro kila siku, ulikuwa unasema wewe ndiwe uliyemwaga maji. Wewe. Mtu mzima, unamwaga maji kitandani kila siku! Watu wakakuona una mikosi, ukawaacha wakuone hivyo. Mimi nililala kwenye godoro kavu, nikaenda kucheza, nikakua, nikaacha, na wewe hukunitazama hata siku moja kama mtu aliyenizoa.

Hukunionea kinyaa na mimi sikukuonea haya, kwa sababu uliifanya kazi ile kama unavyokuna nazi. Leo unataka nikuamini kwamba wewe peke yako duniani ndiye mwenye haki ya kufanya hivyo.

Jana nilimwambia Zaina nakuandikia, nikamuuliza kama ana salamu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chako, anasafisha. Alimaliza, akafunika ndoo, akanawa. Akasema, "Mwambie wake wenza tunakaa kwa zamu. Yeye zamu yake aliimaliza zamani, tena aliikaa peke yake. Sasa ni yangu, asiniingilie." Nilitaka kucheka. Yeye hakuwa anacheka, Bibi. Alikuwa na machozi, akaniambia niandike hivyo hivyo bila kupunguza.

Jumamosi nakuja. Nimeazima gari la rafiki yangu. Nitamleta Mdalasini kama ulivyoagiza, kwa sababu ni wako na sitamweka rehani. Zaina anakuja pia. Hatutakubeba kwa nguvu. Ukisema unabaki, nitashinda hapo nikitengeneza huo mlango wa uani, nitaweka vishikio ukutani, nitamwomba Mama Sijali akutazame kila siku, na nitakuja kila Ijumaa mpaka uchoke kuniona. Ukisema tunarudi wote, kiti cha mbele ni chako.

Lakini siku ile mlangoni ulisema neno, na tukakuacha urudi kitandani bila jibu. Jibu lenyewe ni fupi, tumekubaliana mimi na Zaina, na ningependa Mama Sijali alisome kwa sauti hata kama watu wamejaa hapo barazani.

Ndiyo, Bibi. Ikifika kesho, tutazoa.

Mumeo